Barua kwa mwanangu anayehamia Oklahoma

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu unaniambia "sawa, baba" kabla sijamaliza, na Jumamosi unaondoka. Kazi umeipata kwa jasho lako. Kanisa zima linajua kwamba binti yangu anakwenda kuwa nesi Oklahoma City, na anayeuliza namweleza upya. Lakini katika miji yote ya Marekani, mwanangu, ukachagua huko kwenye vimbunga vingi kuliko hapa!

Ya tornado, kile kimbunga cha Desemba 2021, sikusimulii, ulikuwepo. Ninakuomba kitu kimoja: usizime sauti ya simu usiku. Ninakujua. Ukirudi kazini unaiweka kimya, unailaza kifudifudi, ndiyo basi mpaka asubuhi. Tornado ile ilifika hapa Bowling Green, Kentucky, saa saba usiku, na mji wetu ulizika watu 17. Na mwaka 2025, mwezi wa tano, kule mji wa London, Kentucky hii hii, nyingine ikaua watu usiku vilevile.

Kuna jambo hukuliona, kwa sababu mama yako alikukatalia kutoka. Kulipokucha tulikwenda wanaume kadhaa upande wa Moss Creek, hadi polisi walipotuzuia. Ile sufi ya pinki inayowekwa ndani ya kuta ilikuwa imetapakaa kwenye miti. Niliona godoro la mtoto limenasa juu ya tawi, shuka bado imechomekwa vizuri pembeni. Mtu aliitandika jioni ile. Katika mtaa ule walikufa Wabosnia waliokimbia vita kwao, kama sisi tulivyoikimbia ya Kivu. Nikiona simu yako iko kimya, lile godoro linanirudia.

Yule bibi wa ghorofa ya juu, usiku ule simu yake ililia kwa onyo la kimbunga kama za watu wote. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, yeye anasoma Kiswahili na Kibembe tu. Akabonyeza, ikanyamaza, akarudi kulala. Wewe ndiye uliyemgongea mlango ukamshusha bafuni kwetu. Ulikuwa macho kwa sababu ya hiyo hiyo simu niliyokuwa nimekugombezea saa nne. Maneno yale sikuyarudia tena, nadhani uliona.

Basi huko nako watakuwepo majirani kutoka Kongo na Burundi ambao hawajui Kiingereza. Wajue kwa milango yao mapema. Nesi akilala simu imezimwa, nani atawagongea?

Nyumba usisaini kabla hujamuuliza mwenye nyumba mahali pa kujificha. Nyumba nyingi za Oklahoma hazina chumba cha chini ya ardhi, ndiyo maana watu huchimbia visanduku vya chuma gereji au uani. Usipopata, chukua ya chini, na uwe na bafu au kabati la katikati lisilo na dirisha. Ghorofa ya tatu kwa sababu ya mandhari, hapana. Mji wa Moore uko jirani kabisa na huko unakokwenda. Tarehe 20 Mei 2013 watu 24 walikufa pale kwa tornado, wakiwemo watoto saba waliokuwa shuleni. Ile ilikuja mchana, watu wakiwa macho. Je, usiku?

Viatu viwe chini ya kitanda, vya kufunga, si ndala. Unakumbuka waliojeruhiwa miguu baada ya upepo kupita, kwa misumari na vioo. Vyeti vyako na green card tia kwenye mfuko wa plastiki, na picha zake nitumie. Wewe ndiye uliyewaandikia watu rufaa pale mezani kwetu walipoletewa barua za kunyimwa msaada baada ya tornado, unajua asiye na karatasi anavyosumbuka. Watu wazima walikuwa wanapanga foleni kumsubiri msichana wa shule awasomee barua zao! Wazee waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu walifunga maturubai juu ya mapaa bila kuelekezwa na mtu, lakini kwenye karatasi walikuja kwako. Mama yako alilia jikoni siku ile, alisema ni vitunguu.

Bima ya mpangaji kata. Mama yako alinishauri miaka ile, tuyaache.

Umeme ukikatika usiwashe jiko la mkaa ndani, hata kama ni baridi kiasi gani. Yule jirani tuliyemnyang'anya jiko lake alinuna wiki nzima, lakini yuko hai. Chakula cha friza kipikeni pamoja kabla hakijaharibika, kama ile sombe (kisamvu) yote tuliyoipika uani kwa kanisa.

Nimekununulia redio ya hali ya hewa, ya betri. Ukifika iwekee namba ya kaunti yako, italia yenyewe hata mtandao ukikatika. Lakini redio haiondoi ile habari ya simu. Sauti juu, usiku kucha, na chaja karibu.

Mama yako amekufungia samaki wakavu, mikebuka, na unga wa muhogo, viko kwenye boksi la viatu vya kaka yako. Usiviweke kwenye buti ya gari, gari zima litanuka. Blanketi kubwa tuachie, wageni wa Louisville wanakuja mwisho wa mwezi. Breki za nyuma bado zinalia. Mpelekee fundi kesho kabla ya saa sita, nimeshaongea naye, pesa nitalipa mimi.

Baba yako