Akili mnemba haiujui mzabibu wa Hombolo

Ndugu Mhariri,

Kazi yangu ni kuandaa moduli za mafunzo kwa wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Zamani moduli moja ilinichukua wiki tatu: siku kadhaa shambani Hombolo, kisha kuandika malengo, mazoezi na maswali ya kupima. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, siku zimekuwa zikipungua. Sasa bosi ananipa nne. "Si mashine inaandika?"

Inaandika, tena haraka. Maswali 20 ya kuchagua jibu naletewa kabla chai haijapoa, na hapo kwa kweli imenipunguzia mzigo. Lakini mwezi uliopita niliiomba somo la kupogoa mizabibu, ikanijibu kwa Kiswahili safi kabisa: mkulima asubiri majira ya baridi, majani yakishapukutika yote.

Baridi ipi, Mhariri? Upepo wa Julai hapa unapasua midomo, ndiyo, lakini mzabibu haulali. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, na tunapogoa mara mbili. Yale ni mambo ya Ulaya yaliyovishwa kanga.

Kosa nililiona kwa sababu mama mmoja wa Hombolo alinifundisha kupogoa, akinishika mkono wenye mkasi. Kijana tuliyemwajiri juzi hajakanyaga shamba. Yeye angechapa nakala 100 na kuzigawa. Waajiri watulipe siku za shambani, hata mbili tu, kabla rasimu haijaenda kwa mchapaji.

Mwandaaji wa mafunzo,
Area C, Dodoma