Nimelishwa tonge Addis Ababa

Mwanangu, baba yangu,

Nimefika Dodoma jana usiku, salama kabisa, miguu tu ndo imevimba kidogo kwa kukaa sana kwenye ndege na treni. Picha ntakutumia nikiweka bando, leo nataka nikuandikie habari ya chakula, naomba usome yote.

Unajua tulienda Addis Ababa, kule Ethiopia, siku tano na wenzangu wa kikundi cha unga wa mtama. Siku ya pili mama mmoja mwenyeji wetu akatukaribisha kwake, likaja sinia moja kubwa la wote, limetandikwa injera, yani kama chapati ya maji ila pana mno na laini, juu ina matundumatundu kama sega la nyuki, na mboga zimemiminwa humo humo, hamna sahani wala kijiko. Ilikuwa Jumatano, na Waorthodox wa kule Jumatano na Ijumaa wanafunga, hawagusi nyama, maziwa wala mayai, kwahiyo palikuwa na kabichi, viazi na shiro, ule ni unga wa dengu uliopikwa na viungo vyao vya pilipili vinavyoitwa berbere.

Nikakata kipande nikanusa, kikali kama togwa iliyolala siku tatu. Nikakunja uso. Sikukusudia, ila yule mama aliniona.

Mwanangu, pale nikamuona bibi yako. Nikakumbuka Desemba ulivyokuja likizo, bibi kakuwekea ugali wa uwele na mlenda wa unga, ule anaouchuma masika akauanika na kuutwanga mwenyewe, ukasema bibi mbona unavutika kama makamasi, ukaomba chipsi. Na mimi nikacheka, bibi akachukua bakuli lake kimya kimya akarudi jikoni. Kile kicheko changu kimeniuma safari nzima, kwa sababu wewe ulikuwa hujui ila mimi nimekuzwa na mlenda ule ule.

Yule mama wa Addis hakusema kitu. Alikata kipande, akachovya kwenye shiro, akakikunja vizuri akaninyooshea mpaka mdomoni. Wanaita gursha, ukilishwa hivo umeheshimiwa, hukatai. Nikafungua kinywa. Sikuwahi kulishwa tonge na mtu tangu nikiwa mtoto, na aliyekuwa ananilisha ni bibi yako huyo huyo, machozi yakanilenga. Na ule uchachu ukikutana na berbere kumbe ndo utamu wenyewe, nilikula mpaka sehemu yangu ya sinia ikabaki nyeupe.

Kesho yake nikamuomba anionyeshe jikoni. Nafaka yake inaitwa teff, punje ndogo kuliko hata ulezi, zikimwagika mchangani huzipati tena. Unga unakorogwa na maji na chachu iliyobaki mara iliyopita, unaachwa siku mbili tatu, alafu unamiminwa kwa kuzungusha kwenye mitad, kikaango kipana cha udongo, unafunikwa, haugeuzwi. Akasema teff ikikosekana kuna wanaopikia mtama. Mtama, baba! Huu huu wetu, nilishika mkono wake nikashindwa kuongea.

Kahawa nayo wanakaanga mbele yako na wanamimina mara tatu, abol, tona, ya mwisho inaitwa baraka, neno lile lile letu. Hata saa wanahesabu kama sisi, asubuhi ni saa moja.

Leo asubuhi nimemkuta bibi uani anapeta uwele, nikapiga magoti nikamuomba radhi kwa siku ile. Kasema alishasahau, ila hapo hapo akauliza mtoto anakuja lini. Mpigie simu leo, baba, usinitume mimi nikuombee. Berbere nimeleta pakiti mbili, moja yako. Na mlenda wa mwaka huu umebaki wa kupika mara moja tu, bibi kauficha kwenye kibuyu, kasema hauguswi mpaka ushuke kwenye treni.

Mama yako