Risala ya Wafanyakazi kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kuzindua Jina Jipya la Kiwanda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi Mtendaji, wastaafu wetu na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima, sisi wafanyakazi wa kiwanda hiki cha mabati, kilichopo kando ya Barabara ya Nyerere ambayo wazee wetu waliijua kama Barabara ya Pugu, tunakukaribisha katika siku ambayo kampuni yetu inapokea jina jipya na nembo mpya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jina la zamani lilijengwa na mafundi wa Buguruni, Mbagala na Tandale, ambao hadi leo wakipokea bati huligeuza kwanza na kusoma muhuri wetu na geji, yaani kipimo cha unene wa bati, ndipo wapande kwenye kenchi. Kwa hiyo tunaomba mafundi na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wapewe taarifa kabla ya mabango kupandishwa barabarani, na kwa kipindi cha mpito muhuri ubebe majina yote mawili. Mabati ya jina jipya na ya jina la zamani yakipangwa dukani pamoja bila maelezo, mnunuzi hatajua lipi ni letu, na hapo bati bandia lenye geji ya uongo litapata mlango.

Kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo betri zake za National zilitengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, ilibadili jina na kuwa Panasonic mwaka 2008. Lakini jina hilo lilikuwa limekwisha kukaa kwenye bidhaa zake kwa zaidi ya miaka 50. Mteja aliletewa jina alilokwisha kulizoea. Letu ni geni kabisa, na ndiyo maana tunasisitiza subira.

Jambo linalotugusa zaidi ni kumbukumbu zetu. Tunafahamu kwamba kisheria kampuni inayobadili jina na kupewa cheti kipya na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, hubaki kampuni ile ile, yenye haki na wajibu ule ule. Hata hivyo, barua zetu za ajira na kumbukumbu za michango yetu NSSF zina jina la zamani, na mzee aliyestaafu akifika dirishani na karatasi ya kampuni isiyotambuliwa tena na karani, sheria hiyo haitamsaidia siku ile. Tunaomba kila mfanyakazi na kila mstaafu apewe barua rasmi inayounganisha majina haya mawili, nayo itolewe kabla ya sare mpya.

Mwisho, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kibao cha chuma kilichoondolewa getini asubuhi hii kilichomelewa na wenzetu katika karakana yetu wenyewe. Tunaomba kisiuzwe kama chuma chakavu, bali kitundikwe ukutani pale mapokezi.

Tunaomba kuwasilisha.