Mitaro isifukiwe kabla mabomba hayajakaguliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie usimamizi wa kazi za umma jijini Dar es Salaam, hasa pale ujenzi wa barabara na mitaro unapokutana na mabomba ya maji. Barabara za mitaa zimekuwa chini ya TARURA tangu 2017, maji husambazwa na DAWASA, na EWURA ndiyo mdhibiti wa huduma za maji; lakini shimo linalochimbwa mtaani ni moja, na mwananchi hajui amwendee nani.

Mtaani kwetu mkandarasi alikata bomba, likafungwa kwa mpira wa tairi na kufukiwa siku hiyo hiyo. Maji yaliporudi yalikuwa na rangi ya udongo. Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho: wakati wa mgao msukumo ndani ya bomba hushuka, na maji machafu ya mtaroni hupenya kwenye kiungio kilicholegea, hata kama maji yalitoka kwenye mitambo ya Ruvu yakiwa yametibiwa vizuri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza klorini, yaani dawa ya kuua vijidudu majini, isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita ibaki hadi kwa mteja, kwa hiyo vipimo vya mtamboni pekee havitoshi.

Kupima klorini bombani ni kazi ya dakika chache. Naziomba mamlaka husika zizuie mtaro wowote kufukiwa kabla mhandisi wa maji hajakagua kiungio na kutia saini, na matokeo ya vipimo vya kila kata yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, yakionyesha tarehe na mahali sampuli ilipochukuliwa.

Mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam