Mwanangu Mwanaidi, gari hilo ni la nani?

Mwanangu Mwanaidi,

Sauti uliyonitumia kuhusu mtoto wa jirani yenu Mkongo nimeisikiliza mara tatu. Miaka 15, na jaji bado hajaamua ashtakiwe kama mtoto au kama mtu mzima! Wakili wa hapa mtaani kanieleza kuwa huko Texas jaji huangalia kosa kafanyiwa mtu au ni mali tu, akili ya mtoto imekomaa kiasi gani, huko nyuma aliwahi kukamatwa, na kama bado anarekebishika. Afadhali huyo, anapimwa.

Mume wangu je? Novemba anatimiza 17. Akitenda kosa kuanzia siku hiyo, huko hakuna jaji wa kumpima, anaingizwa moja kwa moja kwa wakubwa. Huku kwetu Tanzania Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto mpaka atimize 18. Basi mwulize, lile gari analopanda jioni ni la nani? Usimwulize mbele ya baba yake, atanyamaza.

Kulea unajua, hilo nakupa. Mtoto kukulia Houston na bado anipe shikamoo kwa Kiswahili safi si kazi ndogo. Ila hizo zamu za usiku, chakula anakula na nani? Usininunie. Wenzake wakishuka kupora duka, yeye akabaki kwenye usukani akiwangoja, naambiwa anaweza kuhesabiwa kashiriki.

Ya kaka yako siyarudii. Nasema tu, ile miaka 19 iliyoandikwa kituoni askari hakuitunga. Aliuliza, cheti cha kuzaliwa hakikuwepo, na mimi nilikuwa na hasira. Nilitaka alale ndani siku moja apate adabu. Kwa urefu ule, nani angebisha? Miezi saba si siku moja. Cheti nilikuja kukitoa baadaye, kimo kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati ya kiwanja. Cha mwanao kiko wapi? Toa nakala. Na akishikwa, ataje jina lake na aombe wakili, basi. Asijieleze.

Hela imefika. Bati za jikoni tumeshapiga, choo bado, fundi anasingizia misumari. Dawa za presha zinaisha Ijumaa. Mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja ni wa mume wangu, mwambie. Na anipigie mwenyewe, asipitie kwako. Nitamwuliza mimi hilo gari.

Mama yako