Muuza chakula halali apewe kibali chake

Mhariri,

Mimi ni mwanafunzi hapa New York, Marekani. Nje ya lango la chuo chetu kuna mkokoteni wa chakula halali, na darasa la jioni likiisha ndipo tunapokimbilia. Muuzaji hukatakata kuku juu ya bamba la moto, vyuma vikigongana, akapakua wali wa njano na kumwagia mchuzi mweupe. Kisha huuliza kama unataka pilipili. Ile nyekundu ni kali kwelikweli. Mgeni aombe tone tu.

Kwa Mwislamu aliye mbali na kwao, kula nyama bila wasiwasi wa jinsi ilivyochinjwa ni raha isiyo na kifani. Na foleni ina watu wa kila dini.

Kinachoniuma ni vibali vya kuuza chakula mitaani. Jiji liliviwekea kikomo mwaka 1983, na kwa miaka mingi vikabaki takriban 3,000. Kibali cha dola 200 kwa miaka miwili kikawa kinakodishwa na mwenye nacho, kwa magendo, kwa maelfu ya dola, na anayelipa ni huyu anayetupikia. Sheria ya 2021 iliahidi vibali vipya kila mwaka, lakini vimetoka kwa kusuasua.

Naiomba serikali ya jiji iharakishe. Nimemwona mtu huyu akipuliza vidole vyake theluji ikianguka, huku akinifungia chakula. Jasho lake liwe lake.

Mwanafunzi,
New York