YAH: MPIRA WENU WA MAJI ULIOTOKA MTARONI UKAINGIA KWENYE TANKI LANGU

Muriet, Arusha

Ndugu Meneja,

Salamu. Natumaini hapo ofisini hamjambo na mna maji safi ya kunawa.

Jumamosi nililipa shilingi 70,000 kwa lita 5,000, kabla boza halijatoka kwenu, kama mnavyotaka. Tulikubaliana saa mbili asubuhi, likafika saa tisa alasiri. Hilo nimelimeza. Bomba la mtaani lina wiki tatu halijatoa tone, na mwenye shida hagombi.

Nisichoweza kumeza ni hiki. Dereva aliegesha ng'ambo ya mtaro, utingo akauburuta mpira ndani ya mtaro ule ule ambao masika hii watu wanatapishia vyoo. Nikapiga kelele, nikatoa ndoo ya maji yangu ya mwisho na sabuni, nikamwomba auoshe. Dereva akacheka, akasema, "Mama, kwani nyie wa Muriet mmeanza lini kuoga?" Kisha mpira ukaingia kwenye simtanki langu hivyo hivyo, unachuruzika matope meusi.

Utaratibu wa kuosha mpira mnao, siwafundishi. Na ubavuni mwa boza mmeandika kwa herufi kubwa MAJI SAFI NA SALAMA.

Nilipiga simu ofisini jioni ile ile. Dada aliyepokea akaniambia nichemshe. Nichemshe lita 5,000 kwa gesi ya nani? Halafu risiti yenu inasema maji ya chemchemi, utingo akaropoka kwamba wamejaza kisimani. Hapa kwetu chini ya Mlima Meru hata mtoto anajua habari ya floraidi, madini ya kwenye maji yanayotia meno rangi ya kahawia; meno yetu yanatutambulisha stendi yoyote nchini. Floraidi haina rangi wala ladha, na ukichemsha haitoki: maji yanapungua, yenyewe inakolea. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ya kwenu ni ngapi? Nina watoto wawili wanaoota meno ya ukubwani sasa hivi.

Lakini narudi kwa dereva, maana sijawaeleza yote. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa barazani, na kopo la kutawadhia mkononi, anasubiri maji hayo tangu adhuhuri. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, amekuja kututembelea kutoka Same. Yeye ndiye aliyemwambia dereva kwa upole, "Baba, osha huo mpira, tuna watoto." Na yeye ndiye aliyejibiwa, mbele ya majirani, "mmeanza lini kuoga?" Mzee aliliweka kopo chini, akaingia ndani, hakusema neno hadi usiku. Mimi nilibaki na sabuni mkononi kama mjinga.

Tangu siku hiyo nanunua ndoo kwa jirani. Maji yenu tunamwagia chooni tu, na chupa moja nimeifungia kabatini, pamoja na picha za mpira mtaroni.

Nataka kurudishiwa shilingi 70,000. Nataka pia mje mmwage maji yaliyobaki, mlisugue tanki, mlitie dawa, mlijaze tena bila malipo, mkiwa na karatasi ya maabara. Nilikusudia kuwapa siku saba, lakini nimeisoma tena barua hii na zimekuwa tatu. Na dereva aje mwenyewe kumwomba radhi mama mkwe wangu, si kwa simu.

Zikipita siku hizo, nakala ya barua hii, chupa na picha vitafika kwa afisa afya wa kata na ofisi ya serikali ya mtaa. Majirani kumi na mmoja wanaonunua kwenu walishuhudia, na tayari wananiuliza namba ya boza jingine.

Mama mkwe anaondoka Jumapili. Dereva aje kabla.

Mteja wenu,
Mama wa geti la kijani